Mtazame Mdomo na Mabawa: Jinsi ya Kumtambua Mbung'o

Mazungumzo ya afisa mifugo na wafugaji, siku ya josho

Tumekutana joshoni na mmezoea kunisikia nikisema habari za kupe. Leo kupe wapumzike. Nataka tuzungumze juu ya nzi mmoja, mbung'o, ambaye wengi wenu mnamwita ndorobo.

Naona wengine mnatabasamu. Nani asiyemjua ndorobo? Ni kweli, mliokulia kando ya vichaka mnamjua kwa uchungu wake. Lakini mara nyingi naletewa nzi ndani ya kiberiti, naambiwa "bwana mifugo, ndorobo wameingia", nikifungua nakuta nzi wa zizini au pange. Na mara nyingine naambiwa "hawa ni nzi wa kawaida tu, wanasumbua ng'ombe kidogo", nikitazama nakuta mbung'o hasa. Kosa la kwanza linakula fedha yako. La pili linakula ng'ombe wako, na linaweza kumfikia kijana anayewachunga.

Nitoe mifano miwili, bila kutaja boma la mtu. Boma la kwanza ng'ombe walikuwa wakipiga miguu chini usiku na mchana, hawalali, maziwa yamepungua. Mzee akauza mbuzi, akanunua dawa ya kukinga nagana, akachoma zizi zima. Nzi wakaendelea kama kawaida. Walikuwa nzi wa zizini, wanaozaliana kwenye samadi mbichi iliyochanganyika na majani na mkojo. Kilichotakiwa pale ni koleo na toroli ya kuondoa samadi.

Boma la pili walihamia kando ya korongo wakati wa kiangazi, kwa sababu majani yalikuwa bado yapo. Vijana waliona nzi wa kahawia, wachache, watatu wanne kwa ng'ombe. Kwa kuwa ni wachache hawakujali. Baada ya wiki kadhaa ng'ombe wakaanza kukonda na majani yapo mbele yao. Wakadhani ni ndigana baridi, wakachoma antibiotiki. Walipokuja kwangu, ng'ombe wenye mimba walikuwa wameanza kutupa. Hapo ndipo tulipopima damu, na ilikuwa nagana.

Kwa hiyo ondoa kichwani hesabu ya wingi. Nzi wa zizini huja kwa makundi. Mbung'o mara nyingi ni wachache, na wachache hao wanatosha kuleta ugonjwa.

Namna ya kumkamata

Usimpige kofi akapondeka, kwa maana utaharibu ushahidi. Ng'ombe wakiwa wamesimama kivulini, tazama miguu chini ya goti na tumbo. Huko ndiko mbung'o anakopenda kukaa, zaidi ya mgongoni. Mfuate taratibu kutoka nyuma, mfunike kwa kiganja au kwa chupa ya plastiki iliyo safi na inayoonyesha ndani. Akishashiba damu anakuwa mzito, tumbo limevimba kama punje nyekundu, na ni rahisi kumkamata. Mwenye njaa ni mwepesi kama risasi, usijichoshe naye.

Ukitaka kumtafuta mbali na ng'ombe, tazama magome ya miti. Mchana wa jua kali hukaa kivulini kwenye shina la mti, au upande wa chini wa tawi kubwa, rangi yake ya kahawia ikafanana na gome. Unaweza kupita mkono mmoja kutoka alipo usimwone. Hutumia sehemu kubwa ya siku akiwa ametulia hivyo, na hutoka kwa muda mfupi tu kutafuta damu.

Mabawa kwanza

Sasa unaye kwenye chupa, ametulia. Tazama mabawa. Nyosha mikono yako mbele hivi. Weka kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, vidole vyote vielekee upande mmoja. Hivyo ndivyo mbung'o anavyokunja mabawa: moja juu ya jingine kabisa, kama makali ya mkasi uliofungwa. Ukimtazama kutoka juu huoni mabawa mawili, unaona kama ulimi mmoja mrefu uliolala mgongoni na kupita mwisho wa tumbo. Ndiyo maana anaonekana mwembamba.

Nzi wa nyumbani hakunji hivyo. Wa zizini pia hakunji hivyo, mabawa yake yanaachana nyuma kama ncha za uma. Pange mabawa yake hukaa kama paa la nyumba, au yameachana pembeni.

Kisha mdomo. Mtazame kwa upande. Mbung'o ana kitu kama mkuki kilichotoka mbele ya kichwa, kimelala sawa na ardhi, hata wakati hali chochote. Akitaka kuuma, mrija mwembamba wa ndani ndio unaoshuka kuingia kwenye ngozi, na ala zake mbili hubaki zimeelekea mbele. Nzi wa nyumbani hana mkuki. Mdomo wake uko chini ya kichwa, laini kama sifongo, wala hawezi kuchoma ngozi ya ng'ombe. Akikaa kwenye jicho au kidonda analamba tu.

Naomba hapa muwe makini, kwa sababu ndipo watu wanapokosea. Nzi wa zizini naye ana mdomo unaoelekea mbele. Ukitazama mdomo peke yake utasema ni mbung'o. Na yuko nzi mwingine, bapa, ngozi ngumu, anayetembea upande upande kama kaa katikati ya manyoya, anayependa kukaa chini ya mkia wa ng'ombe, kwa punda na kwa mbwa. Ukimbonyeza hafi kirahisi. Huyo naye hulaza mabawa yake moja juu ya jingine. Ukitazama mabawa peke yake utasema ni mbung'o. Basi usiamue kwa alama moja. Mabawa yaliyofungwa kama mkasi pamoja na mdomo unaotoka mbele kama mkuki, vyote kwa nzi mmoja, huyo ni mbung'o.

Ukibaki na shaka, au nzi amekufa na kupondeka, iko alama ya tatu ambayo hadanganyi nayo hata akifa. Toa bawa moja, ulinyanyue kuelekea mwanga. Utaona mishipa myembamba imegawa bawa katika vyumba. Katikati ya bawa kuna chumba kimoja chenye umbo la shoka, mpini na kichwa chake. Nzi mwingine yeyote anayeuma mifugo yenu hana chumba cha namna hiyo. Watoto wenye macho makali wanakiona bila kioo. Wazee wenzangu wa miwani, tumieni kioo cha kukuza, nami ninacho kimoja hapa mtapitishiana.

Rangi haisaidii sana. Mbung'o ni wa kahawia, kuanzia kahawia ya vumbi mpaka kahawia nzito, hang'ari kijani wala buluu. Urefu wake ni kama milimita 6 mpaka 14, bila kuhesabu mkuki. Kwa hiyo wako wanaolingana na nzi wa nyumbani, na wako wakubwa karibu mara mbili.

Pange mnamjua. Mkubwa, macho makubwa yanayong'aa, wakati mwingine yana mistari ya rangi, na akiuma anakata ngozi mpaka tone la damu linachuruzika baada ya yeye kuondoka. Ni jike tu anayeuma. Kwa mbung'o wote wawili wanauma, dume na jike, maana hawana chakula kingine isipokuwa damu. Nisieleweke kwamba pange na nzi wa zizini hawana madhara. Mdomo wenye damu mbichi ya ng'ombe mgonjwa ukihamia kwa ng'ombe wa pili palepale unaweza kupeleka baadhi ya vimelea vya nagana. Ndugu zetu wafugaji wa ngamia kaskazini ya Kenya wanaijua sura, ugonjwa wa ngamia wa jamii hiyohiyo, na huo unaenezwa na pange na nzi wenzake bila mbung'o kuwepo kabisa. Lakini ndani ya pange kimelea hakikui. Ndani ya mbung'o kinakua na kuzaana, na mbung'o akishakuwa nacho hubaki nacho maisha yake yote.

Mbung'o wa kwetu si mmoja

Katika nyika hizi za Simanjiro, Monduli na pande za Tarangire kuna aina zaidi ya moja. Sitawachosha na majina ya kitabuni, lakini moja nitalitaja kwa kuwa linahusu nchi yetu: Glossina swynnertoni. Limetokana na Swynnerton, mtafiti aliyeongoza kazi ya mbung'o Tanganyika, Shinyanga, kabla ya vita kuu ya pili. Mbung'o huyo anapatikana kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya tu. Anapenda nyika ya migunga iliyo wazi kidogo, kule ambako mtu anadhani hakuna kichaka cha kutosha kwa ndorobo. Tumbo lake lina mistari ya giza iliyo wazi, inayoonekana vizuri ukimgeuza mwangani.

Mwingine ni mkubwa kidogo, Glossina pallidipes. Yeye ni wa vichaka vizito, kando ya makorongo na mito. Ukitaka kumtofautisha tazama miguu. Vipande viwili vya mwisho vya mguu wa nyuma ni vya giza, lakini miguu ya mbele na ya kati imepauka mpaka mwisho. Swynnertoni ana giza kwenye ncha za miguu ya mbele pia, kana kwamba amekanyaga wino kwa miguu yote.

Kwa nini nihangaike na miguu ya nzi? Kwa sababu ukinionyesha pallidipes nakuambia mtego wa kitambaa utafanya kazi nzuri, uweke kando ya kichaka. Huyo huingia mtegoni kwa urahisi. Swynnertoni hufuata kinachotembea: kundi, gari, pikipiki. Kwake mtego bora ni ng'ombe wako mwenyewe aliyepakwa dawa.

Na kwa kuwa anafuata kinachotembea, unaweza kumleta nyumbani. Unatoka porini jioni, ng'ombe mia, mbung'o wamekaa miguuni wanasafiri bure. Kabla hujavuka kutoka kichakani kuingia malisho ya wazi, simamisha kundi kidogo, tazama miguu na matumbo, uwaondoe. Zamani serikali iliweka vibanda vya kukagulia mbung'o barabarani kwa sababu hiyohiyo.

Ukishajua ni mbung'o

Mbung'o ana udhaifu mmoja, nao ni uzazi. Nzi wa nyumbani hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o jike hatagi. Analea buu mmoja tumboni mwake, anamzaa kila baada ya siku 9 au 10, buu anajifukia kwenye udongo laini wa kivulini, na nzi mpya hutoka baada ya mwezi hivi, kutegemea joto. Jike akiishi miezi miwili mitatu amezaa wachache tu. Kwa hiyo kila jike anayekufa ni hasara kubwa kwao. Unguja walimaliza mbung'o kabisa. Walianza kwa kupunguza kwa dawa juu ya ng'ombe na vitambaa vyenye dawa, kisha wakamwaga kwa ndege madume yaliyohasiwa kwa mionzi, na mbung'o wa mwisho wa porini alionekana mwaka 1996. Lakini Unguja ni kisiwa. Huku bara nyika haina ukuta, wanaingia tena kutoka hifadhini, kwa hiyo kwetu ni kupunguza na kuendelea kupunguza.

Dawa ya kupaka au kunyunyizia yenye deltamethrini huua mbung'o anayekuja kula. Kwa kuwa anakaa miguuni na tumboni, nyunyiza sana huko, na anza na ng'ombe wakubwa, maana mbung'o huwafuata hao zaidi kuliko ndama. Hilo linapunguza gharama. Angalia tu kwamba kwa kupe bado mtahitaji kuogesha masikio na mkia kama kawaida.

Mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi mnaweza kushona wenyewe. Mfano mmoja mzuri ulibuniwa Nguruman, Kenya, na wafugaji wa Kimaasai wa huko walishiriki kuushona na kuutunza. Harufu ya mkojo wa ng'ombe huvuta mbung'o, hivyo chupa ya mkojo uliokaa iwekwe chini ya mtego, nao mnao bila kununua. Fyekeni majani kuuzunguka mtego ili uonekane na ili moto usiufikie. Na kwa sababu hiyohiyo ya rangi, kijana anayechunga karibu na vichaka asivae nguo ya buluu au nyeusi. Kaki au rangi ya udongo ni afadhali, na iwe nzito, kwa kuwa mbung'o anachoma kupita kitambaa chepesi.

Moshi wa samadi unafukuza. Hauui. Uwasheni jioni ili ng'ombe wapumzike, msiutegemee zaidi ya hapo.

Sasa dawa ya sindano. Ziko mbili mnazozijua: diminazini ya kutibu, na isometamidiamu ya kukinga, ambayo hukaa mwilini miezi miwili mpaka minne. Ugomvi wangu na ninyi uko kwenye kipimo. Naona pakiti moja inagawiwa ng'ombe watatu kwa sababu "wote wameonekana dalili". Kipimo pungufu hakiui vimelea wote. Wanaobaki ni wale wagumu, na hao ndio mbung'o watakaowasambaza kwa jirani yako. Pimeni kifua cha ng'ombe kwa utepe wa uzito, mchanganye kwa maji safi kama karatasi ya dawa inavyosema, na kila mnyama apate kipimo chake. Kama fedha haitoshi kwa wote, watibiwe wagonjwa kwa kipimo kamili. Dawa ya mnadani iliyotolewa kwenye pakiti yake msinunue hata kama bei ni nusu.

Dalili wengi mnazijua: homa inayokuja na kuondoka, manyoya kusimama, machozi, kukonda na bado anakula, tezi ya mbele ya bega kuvimba, ufizi na ndani ya kope kupauka kama karatasi. Ng'ombe wa ndigana kali huvimba zaidi tezi iliyo chini ya sikio, hupumua kwa shida na kutoa povu. Mtazameni na mbwa anayefuata kundi. Mbwa akikonda na macho yake yakaingia ukungu mweupe, shukuni mbung'o hata kama ng'ombe bado wanaonekana wazima.

Na ninyi wenyewe

Akina mama, hili ni lenu hasa, maana ninyi ndio mnaoona mtoto ameamka vipi. Mbung'o huyuhuyu huweza kumpa mtu malale. Ng'ombe anaweza kuwa na kimelea hicho akaonekana hana neno. Mtu aliyeumwa huweza kupata uvimbe kama jipu pale alipoumwa, kisha homa, kichwa, viungo kuuma na tezi kuvimba. Usingizi wa mchana na kuchanganyikiwa huja baadaye, wakati ugonjwa umeshaingia kwenye ubongo. Malale ya huku kwetu Afrika Mashariki haichelewi, ni suala la wiki au miezi michache, na bila kutibiwa inaua.

Shida ni kwamba homa yoyote tunaiita malaria. Kijana akirudi kutoka porini na homa, mpelekeni kituo cha afya, na mseme kwa mdomo wenu: "Ameumwa na ndorobo, alikuwa anachunga mahali fulani." Mganga asipoambiwa hana sababu ya kufikiria malale. Kipimo cha malaria kikisema hana, au akitibiwa malaria na homa isiondoke, ombeni damu yake itazamwe kwa darubini kutafuta vimelea vya malale. Matibabu yapo, na yakianza mapema ni mepesi zaidi.

Kuhusu malisho ya kando ya korongo, sitawaambia msiende. Najua Septemba na Oktoba hali ilivyo, na ng'ombe hashibi ushauri. Lakini kiangazi ndicho kinachowasukuma mbung'o nao wakusanyike kwenye vivuli hivyohivyo vya mtoni. Kabla hamjahamisha boma, tumeni vijana wawili na ng'ombe wachache wakubwa wakakae huko asubuhi na alasiri, wakamate nzi. Wakikuta mabawa ya mkasi na mdomo wa mkuki, njooni tupange dawa ya kukinga kabla ya kuhama. Kuchoma baada ya ng'ombe kukonda ni gharama mara mbili. Wenye mimba na ndama wabaki juu, kama majani kidogo yapo.

Nzi mnaotaka niwatazame waleteni wakavu, kwenye kiberiti chenye pamba kidogo, msiwafunge kwenye nailoni kwa maana wanaoza. Juu ya kiberiti andikeni mahali alipokamatwa, tarehe, na kama alikuwa kwenye ng'ombe, mtini au mtegoni. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wa shule. Niko hapa joshoni mpaka saa tisa, na wenye viberiti tayari waanze kupanga mstari upande wa kivuli.